Vifungo vya Upande wa Kushoto

Kwanza aliipenda ile picha. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba aliipenda kwanza.

Ilikuwa ya tano kati ya picha kumi na mbili, zote nyeusi na nyeupe, ndani ya bahasha ya kaki iliyoachwa kaunta Alhamisi asubuhi pamoja na mashati matano ya kufuliwa. Nyuma ya bahasha palikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi: *Mwezi wetu. Zitazame ukiwa umekaa.* Mkunjo hakukaa. Mpiga pasi hakai. Alizipanga juu ya ubao wake, moja baada ya nyingine, pasi ikipumua kando yake kama ng'ombe aliyeshiba.

Ya kwanza, dirisha la hapo hapo kazini, limejaa mvuke, na mstari mmoja ambao kidole cha mtu kilipita. Ya pili, beseni la povu, na ndani ya kila puto la povu kuna taa ndogo. Ya tatu, karatasi ya mkate iliyokunjwa vizuri kwenye benchi ambapo yeye na mpiga picha walizoea kukaa mchana. Ya nne, henga tupu kumi na tisa zikiwa zimening'inia, zote zimeinamisha shingo upande mmoja. Vitu alivyovipita kila siku bila hata kuvisalimia! Na sasa vilikuwa vimekaa mbele yake kama wageni waheshimiwa. Akatabasamu peke yake.

Ya tano ilikuwa chumba. Kiti cha mbao kando ya dirisha, na juu ya mgongo wa kiti shati jembamba limetundikwa wazi, jua linapita katikati ya kitambaa mpaka unahesabu nyuzi. Hapakuwa na mtu, lakini ungesema mtu ameinuka sasa hivi na kiti bado kina joto. Mkunjo alivuta pumzi. Hakuwa amewahi kufika chumbani kwa yule mwanamume, ila alijua ni chumba chake. Alilijua lile dirisha kwa kusimuliwa.

Halafu macho yake, yale macho ya kazi ambayo hayajui kupumzika hata penye mapenzi, yakaenda kwenye vifungo.

Vilikuwa upande wa kushoto.

Kwako wewe msomaji hicho ni kitu kidogo. Kwa mtu aliyepiga pasi mashati miaka tisa, arobaini kwa siku, si kidogo hata kidogo. Shati la mwanamume lina vifungo upande wa mkono wa kulia wa mvaaji. La mwanamke, kushoto. Mkunjo angeweza kukwambia hilo gizani, kwa vidole. Lile halikuwa shati. Lilikuwa blauzi, imetundikwa kwenye kiti cha mwanamume aliyemwambia, kwa kinywa chake, kwamba anaishi peke yake na birika.

"Dada Mkubwa," aliita, "hebu njoo mara moja."

Dada Mkubwa ndiye aliyepokea nguo kaunta. Alikuwa mwanamke mpana, wa sauti pana, aliyevaa miwani shingoni kama mkufu. Akaja akijipepea kwa daftari.

"Nini tena? Umeunguza?"

"Sijaunguza. Nitazamie hii. Hili ni shati au blauzi?"

Dada Mkubwa alipandisha miwani. Hakuuliza picha ni ya wapi. Alitazama kama anavyotazama doa la mteja mbishi.

"Blauzi."

"Una hakika?"

"Mimi napokea nguo hapa tangu wewe unameza kamasi. Vifungo kushoto, ni blauzi. Tena nyembamba, ya kutokea. Ya nani?"

Mkunjo aliifunika bahasha kwa kiganja. Kiganja kikajibu.

"Eh!" Dada Mkubwa aliiweka picha chini taratibu. "Ya kwa Jicho Moja?"

Hilo ndilo jina walilompa mpiga picha, kwa kuwa alikuwa akifumba jicho moja hata anapokula, anapima mwanga kwenye kijiko. Na Mkunjo halikuwa jina la binti huyu vilevile. Wenzake walimpa kwa utani, kwa sababu hapakuwa na mkunjo uliopita mikononi mwake ukatoka hai.

"Labda anaivaa mwenyewe," alisema Dada Mkubwa.

"Dada!"

"Nasema tu. Sisi tumeona mengi. Yule mzee wa duka la vioo, unakumbuka tulichokuta kwenye mfuko wa suti yake?"

"Dada Mkubwa, mimi sina mzaha sasa hivi."

"Haya, nimeacha." Akavuta stuli, akakaa. "Mashati yake unayapiga pasi miezi saba. Umewahi kukuta kitu? Unywele? Rangi ya mdomo? Harufu?"

"Sijawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Harufu ya dawa zake za picha, basi."

"Hapo ndipo panaponitia wasiwasi mimi. Mwanamume msafi kiasi hicho?" Akatikisa kichwa. "Mwanamume mwenye nyumba mbili, mdogo wangu, ana madobi wawili."

Mkunjo akarudisha picha zote kwenye bahasha, akashika pasi, akaishusha juu ya kola ya mtu asiye na kosa lolote kwa nguvu ambayo kola ile haikustahili.

Kilichokuwa mezani ni hiki. Jumapili, siku tatu mbele, Jicho Moja alitaka kufika nyumbani kwao na mjomba wake, akae mbele ya mama yake Mkunjo, aseme anamtaka binti. Mama hakuwa amekubali. Mkunjo aliahidi kupeleka jibu kesho Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Ndiyo au hapana. Na Mkunjo hakuwa mtu wa kusema ndiyo kisha kuirudisha.

* * *

Mama yake alikuwa sebuleni, miguu juu ya kigoda, anakunja taulo. Aliacha kufulia watu miaka sita iliyopita magoti yalipogoma, lakini mikono haikupewa habari. Alikunja mataulo yaliyokwisha kukunjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uso huo umeupata wapi?"

"Nimechoka tu."

"Kuchoka nakujua. Huo si wa kuchoka." Akaweka taulo pembeni. "Ni yule mtu wa picha."

"Mama, ana jina."

"Analo. Na kazi yake ninayo mimi, kifuani. Kaa."

Mkunjo akakaa. Alijua kinachokuja. Alikuwa akikisikia tangu akiwa na miaka minane, na kila mara kilikuja na maneno yale yale, kana kwamba mama aliogopa akibadilisha neno moja yule mtu atapata pa kuponyokea.

"Nilikuwa nafua pale bombani," mama alianza, "nguo za ile nyumba ya ghorofa. Akaja kijana, mpole, meno meupe. Mama, wewe ni mzuri sana ukiwa kazini, naomba nikupige picha. Nani hajawahi kutaka kuambiwa hivyo? Baba yako mwenyewe aliniambia mara mbili tu, na mara moja alikuwa na homa. Nikakaa. Nikanyoosha mgongo. Akasema hapana, inama. Nikainama. Akasema, mama, vua viatu."

"Mama..."

"Nilikuwa na viatu! Vipya, vya kamba, nimevinunua kwa mikono hii. Akasema vinaharibu picha. Nikavua, nikaviweka nyuma ya beseni visilowe. Na baada ya miezi miwili ninatoka asubuhi kwenda kazini, nikajiona. Nimebandikwa kwenye bango, mkubwa kuliko nyumba, nimeinama, miguu mitupu kwenye tope. Na chini yangu wameandika, *Msiwasahau hawa.* Hawa nani? Mimi? Mimi nilikuwa naomba? Nilikuwa nafanya kazi!"

Mkunjo akachukua taulo moja, akalikunja. Bango lile lilisimama miaka miwili pale njia panda, na hapakuwa na njia nyingine ya kwenda shule. Darasani walimwita mtoto wa bango. Alipigana mara nne, akashinda mara tatu.

"Sasa wewe unaniletea mwingine," mama alisema, kwa sauti iliyoshuka. "Naye anasema unapendeza ukiwa kazini?"

Jicho Moja aliwahi kusema hivyo hivyo. Neno kwa neno. Miezi saba iliyopita aliingia kwa dobi akaomba kuupiga picha mvuke. Mkunjo alimfukuza. Akarudi kesho yake bila kamera, akakaa kwenye benchi, akatazama. Akarudi tena. Siku ya nne Mkunjo alimuuliza anatazama nini, naye akasema, "Kila saa nne na robo jua linafika kwenye ubao wako, na wewe unahamisha shati lisiguswe. Kila siku. Unajua kwamba unafanya hivyo?" Hakuwa anajua. Tangu siku ile akawa anajua, na saa nne na robo ikawa saa yake.

"Kesho nitampa jibu," alisema Mkunjo.

"Jibu gani?"

"Kesho, mama."

Usiku hakulala vizuri. Blauzi ile ilikuwa nyepesi, lakini ilimlalia kama gunia.

* * *

Studio ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, mlango wake wa bati umepakwa rangi ya kijani. Mbele palikuwa na pazia jeupe na kiti cha watu wa picha za pasipoti. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Jicho Moja. Nyuma palikuwa na chumba cha giza, ambamo alisafisha kwa mikono zile filamu za zamani alizozipenda mwenyewe. Mkunjo aliingia bila kubisha hodi.

"Umekuja mapema!" Alisimama, akakunjua mikono ya shati. Alikuwa na uso wa mtu aliyengojea tangu alfajiri. "Umeziona? Umeipenda ipi?"

"Ya tano."

"Nilijua!" Akacheka. "Nilijua utaipenda ya tano. Ile nili..."

"Ni ya nani?"

"Nini?"

"Blauzi. Iliyo kwenye kiti."

Jicho Moja akamtazama kwa macho yote mawili.

"Blauzi gani? Lile ni shati langu."

"Rudia."

"Shati langu, mpenzi. La kijivu, jembamba. Nalivaa wakati wa joto."

Mkunjo akatoa picha, akaigonga kwa ukucha. "Mimi ni mtu wa kazi gani?"

"Mkunjo, sikiliza..."

"Nimekuuliza swali. Mimi nafanya kazi gani?"

"Unapiga pasi."

"Vizuri. Vifungo hivi viko upande gani? Usinitazame mimi, tazama vifungo. Kushoto. Hakuna fundi wa nguo za kiume anayeshona hivi, hata akiwa amelewa. Sasa niambie ni ya nani, nisikie kwako, nisije kusikia barabarani."

Alitegemea apaparike. Alishawaona wanaume wakipaparika kaunta, mbele ya wake zao, wakieleza doa. Wanaanza kwa kuongea sana. Huyu hakuongea. Aliondoka, akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, akarudi na shati la kijivu, jembamba, akalitandaza juu ya meza mbele yake.

Mkunjo alilitazama mara moja. "Vifungo kulia."

"Ndiyo. Ni la kiume."

"Basi umetoa jingine. Unaniona mtoto?"

"Shika hapa." Akamshikisha mshono wa bega. "Hapa palifumuka, ukapashona wewe, mwezi wa tatu. Kwa uzi mweusi, kwa sababu wa kijivu uliisha. Tazama kwenye picha."

Kwenye picha mshono ulikuwepo, mstari mweusi mwembamba begani. Uzi wake mwenyewe. Lakini ulikuwa bega la pili.

Wote wawili waliinama. Vichwa vikakaribiana mpaka akasikia pumzi yake, na akajichukia kwa kuisikia. Kisha Jicho Moja akasema neno ambalo siwezi kuliandika, akajipiga paji la uso.

"Nimeigeuza."

"Umegeuza nini?"

"Filamu. Ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiiweka kinyume kwenye mashine, picha inatoka imegeuka. Kulia inakuwa kushoto, kama kwenye kioo." Alikuwa amefadhaika kweli, si kwa ajili ya blauzi, kwa ajili ya kazi. "Miaka kumi na mmoja sijafanya kosa hili! Nilikuwa na haraka, nilitaka uzipate jana. Ungekuwa umewahi kufika kwangu ungejua papo hapo, dirisha langu liko mkono mwingine."

"Maneno mazuri," alisema Mkunjo. "Na mimi nitajuaje? Kazi ni yako, mashine ni yako, na kusema ni kwako."

"Basi fanya wewe."

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Mimi nitasimama."

Wakaingia chumba cha giza. Taa nyekundu ndogo, trei tatu za dawa, harufu ile aliyoizoea kwenye kola zake. Palikuwa pembamba kiasi kwamba mtu wa pili alilazimika kuomba radhi kila anapogeuka. Jicho Moja alisimama ameegemea mlango, mikono nyuma, akaelekeza kwa mdomo tu: shika filamu pembeni, upande uliofifia uangalie chini, washa, hesabu mpaka nane, zima, tumbukiza karatasi. Mkunjo alifanya kila kitu huku akimchunga kwa pembe ya jicho, asije akagusa kitu. Hakugusa.

Karatasi ilikaa ndani ya dawa, nyeupe, haina habari. Kisha kivuli. Kisha mguu wa kiti. Ilikuja kama doa la zamani linavyorudi chini ya pasi ya moto, ulidhani limekwisha, kumbe lilikuwa linangoja. Dirisha likaja, mkono mwingine. Shati likaja. Na mwisho kabisa, vidogo, kimoja kimoja, vikaja vifungo.

Upande wa kulia.

Mkunjo alishika ukingo wa trei. Nyuma yake, sauti ikasema polepole, "Naweza kusogea sasa?"

"Sogea."

Akasogea. Hakumshika. Alisimama karibu tu, mikono bado nyuma. "Nilidhani umekuja kunikataa," alisema.

"Nilikuja kukukataa."

"Na sasa?"

Angemjibu. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu. Lakini alipoinua uso kumjibu, akaona kamba ya kukaushia juu ya kichwa chake, na picha zilizoning'inizwa kwa vibanio, kama nguo zilivyo kazini kwake. Ya tatu kutoka mwisho ilikuwa mama yake.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwao, mgongo kwa barabara, uso umegeuka kidogo. Alikuwa amenyanyua taulo kwa mikono miwili kulikung'uta, na taulo lilikuwa limejaa upepo, na mikono yake, ile mikono iliyovimba viungo, ilikuwa imelishika kwa wepesi ambao Mkunjo hakuwahi kuuona, maana aliuona kila siku. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote kumi na mbili. Hilo ndilo lililomtia wazimu.

"Hii umeipiga lini?"

Jicho Moja aligeuka. Aliona anachotazama. Sasa, kwa mara ya kwanza siku ile, akaanza kuongea sana.

"Ile siku niliyokusindikiza. Umeshaingia ndani kuchukua mwavuli, mimi nimesimama pale kwenye kona, naye akatoka, jua lilikuwa limekaa vizuri mno, na ni sekunde moja tu, Mkunjo, ukiikosa imekwenda, na nilitaka kuikuza niilete Jumapili kama..."

"Ulimwomba?"

"...kama zawadi kwa..."

"Ulimwomba ruhusa?"

Akaitazama picha.

"Hapana," alisema.

"Blauzi ilikuwa ya bure," alisema Mkunjo. "Nimekusingizia, nisamehe. Hili sikusingizii." Na pale, chini ya taa nyekundu, akamsimulia bango. Hakubadilisha neno. Alimweleza bomba, na kuinama, na viatu nyuma ya beseni, na maneno yaliyoandikwa chini. Alimweleza darasa. Alipofika kwenye miaka miwili ya kupita chini ya mama yako kila asubuhi huku watu wanakutazama wakufananishe, hakusimama, aliendelea mpaka mwisho. Hasira ya mama yake aliijua kama anavyojua joto la pasi, bila kugusa.

"Mimi si yule mtu," alisema Jicho Moja.

"Naye alikuwa na meno meupe."

"Mimi nimempiga akiwa mzuri!"

"Na yeye alimwambia ni mzuri! Nyie nyote mnatuona wazuri. Mnatuona wazuri kutoka kwenye kona, mmejificha, halafu mnakwenda nayo nyumbani. Uzuri ni wake. Mgongo ni wake. Angalau ungebisha hodi!"

Tone la maji likaanguka kwenye sinki. Jicho Moja aliishusha ile picha, akachukua na filamu yake kwenye bahasha ndogo ya plastiki, akashika mkasi. "Naikata," alisema. "Sasa hivi, mbele yako. Sitaki itutenganishe."

Mkunjo akamshika kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika siku ile.

"Acha."

"Si umesema..."

"Sijasema ukate. Si yako kuikata. Wala si yangu." Akampokonya filamu, picha, na mkasi pia, mkasi akaurudisha mezani. "Kuna nyingine yake?"

"Hakuna."

"Kuna picha zangu za kabla hujaniomba ruhusa?"

"Tatu. Kutoka ng'ambo ya barabara. Mvuke, na wewe nyuma yake."

"Zilete."

Akazileta. Mkunjo hakuzitazama. Alizitia zote kwenye mkoba, akaufunga zipu.

"Jumapili?" aliuliza Jicho Moja. Alisimama katikati ya chumba chake mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza hakujua aiweke wapi.

"Sijui. Nilikuja na jibu, umenichanganyia."

"Unaniamini, lakini? Hata kidogo?"

"Kwenye vifungo, ndiyo," alisema. "Kwingine bado." Akatoka.

* * *

Jioni alitembea kwenda nyumbani, na njia nzima alimlaani. Si kwa picha ya mama tu. Alimlaani kwa kuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu mwanamke alikuwa akimwagilia kopo la maua, na maji yakashuka katikati ya jua yakiwa mepesi kama uzi, na Mkunjo akasimama. Alisimama kweli, watu wakampita. Zamani angeona maji tu. Mwanamume yule alimwachia jicho lake ndani ya kichwa bila kumwomba ruhusa pia, na hili hakujua atamrudishia vipi.

Akakaa pale mpaka maji yakaisha. Kisha akaenda.

Mama alikuwa mahali pake. Mkunjo hakutoa maneno mengi. Alifungua mkoba, akaitoa picha, akaiweka juu ya taulo. "Hii amekupiga yeye. Kutoka kwenye kona. Hakukuomba. Na hii ndiyo filamu yake, hakuna nyingine. Nimemnyang'anya."

Mama hakuishika. Aliinama juu yake, mikono magotini. Mkunjo alisubiri kelele, alijiandaa kwa kelele.

"Huyu ni mimi," mama alisema. Haikuwa wazi kama aliuliza.

"Ni wewe."

"Mikono imepinda hivi?"

"Imepinda mama, lakini..."

"Nyamaza, natazama." Akatazama. Akasogeza picha karibu na dirisha kwa kidole kimoja, kama kitu kinachoweza kuuma. "Kuna nini chini? Wameandika nini?"

"Hawajaandika kitu."

"Nani ameiona?"

"Yeye na mimi. Na wewe sasa."

"Mlinzi wa duka la pale kwake? Mjomba wake? Yule mpayukaji wa kwenu kaunta?"

"Hakuna mtu, mama."

Mama akaichukua filamu, akainyanyua kwenye mwanga, akajiona mweusi penye weupe na mweupe penye weusi. Akaikunja ndani ya kitambaa, akaitia kifuani, chini ya nguo, mahali ambapo hakuna mtu duniani angekwenda kuitafuta. Picha yenyewe akaiacha pale juu ya taulo, inatazama juu.

"Alikwambia nini ulipomuuliza kama aliniomba?"

"Alisema hapana."

"Hakusema nilimkubalia kwa kichwa? Hakusema hukuwepo, hukuona?"

"Alisema hapana, mama. Neno moja."

Mama alichukua taulo lingine, akalikunja, akalikunjua.

"Yule mwingine," alisema, "nilimfuata. Hili sijakwambia. Nilikwenda mpaka ofisini kwao na viatu vyangu mguuni, nikamwambia, mwanangu, ulinivua viatu. Akaniambia, mama, unanichanganya na mtu." Akavuta pumzi kwa pua. "Mwambie wako aje Jumapili. Saa nne. Nina maneno naye, tena marefu, na mjomba wake atayasikiliza mpaka mwisho."

Moyo wa Mkunjo uligonga mara moja, kwa nguvu, kama mlango. "Na kamera? Nimwambie aiache?"

"Aje nayo," alisema mama. "Ataingia, atasalimia, ataniwekea mkononi. Itakaa mapajani mwangu mpaka nimalize kumtazama."